Ngazi Tisa, Pumua

Mama alianza kupoteza nuru ya macho mwaka uleule aliofariki mjomba, na mambo yote mawili yakaniangukia mimi: miadi ya hospitali na nyumba ya Jiddah.

Kwetu "nyumba ya Jiddah" haikuhitaji maelezo. Ilitajwa kwenye harusi, ilitajwa kwenye matanga, na alipokuja mtu kuposa ilitajwa hata kabla ya kahawa. Ilikuwa nyumba ya mama wa bibi yake mama, mwanamke aliyeondoka Unguja kwenda Hijazi zama za masultani, wakati Waingereza wakitawaliwa na yule malkia wao aliyekalia kiti miaka mpaka watu wakamsahau aliyemtangulia. Tulijua ni zama hizo kwa sababu alirudi na mtoto wa kike mgongoni na rupia moja ya fedha yenye kichwa cha malkia huyo, na rupia tunayo mpaka leo. Mimi ni kilembwe chake. Nyumba, tuliambiwa, ilikuwa ya ghorofa kadhaa, ya mawe ya matumbawe, na yeye ndiye aliyekuwa bibi mwenye nyumba. Kwa hiyo hata tulipofika Saudia baada ya mapinduzi, na mabegi mawili, tukalala watu wanane chumba kimoja kule Ruwais, mtaa wa Jiddah, mama hakukubali kuitwa mkimbizi. Alisema tumerudi kwetu.

Sasa daktari wa Riyadh, tulikohamia baadaye, alikuwa amesema jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na tulipofika kwenye gari akaniambia anataka kitu kimoja tu.

"Nnataka niione nyumba ya bibi kwa jicho langu, si kwa kuhadithiwa. Niingie chumbani mwake nisali rakaa mbili. Tena kabla ya Ramadhani."

Nilimwambia mjomba aliitafuta miaka thelathini asiione.

"Mjomba wako hakuwa mwalimu wa hesabu," akasema, akafunga mkanda.

Kweli mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, skuli ya wasichana, mpaka nilipostaafu, na hasira zangu ni za mwalimu wa hesabu. Nikiona jibu limeandikwa bila njia, nakereka. Nilipofungua daftari la utafutaji alilotuachia mjomba nilikereka kurasa nzima. Mzanzibari huijua nyumba kwa mlango wake, na mjomba, Mungu amrehemu, alizunguka mji mkongwe wa Jiddah miaka yote hiyo akitazama milango ya mbele tu. Mlango mpana, mlango wa nakshi, mlango wenye pete ya shaba. Akiona mlango mzuri anauliza nyumba ya nani, akitajiwa jina ambalo si la bibi anaandika "siyo" na kwenda mlango wa pili. Alikwenda pia kuulizia hati. Hakuna hati hata moja yenye jina la bibi. Akaandika chini ya ukurasa kwamba hati zimeliwa na mchwa.

Lakini tulikuwa na kitu kimoja ambacho mjomba hakukiandika popote, maana alikiona mchezo wa watoto wa kike. Bibi yake mama alimfundisha mama maneno, akimgonga kwa vidole mgongoni, kama alivyogongwa yeye na mama yake. Mama naye alinigonga mimi. Yanakwenda hivi: *Mlangoni inama. Ngazi tisa, pumua. Mkono wa kushoto, ngazi saba, baridi ya mitungi. Ngazi kumi na moja, ukuta una joto. Ngazi tano nyembamba, jua.*

Tulikuwa na tafsiri ya kila neno. "Inama" ilikuwa adabu. Mama alipenda kutuambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Pumua" ilikuwa subira. Mimi, nilipoyaandika karatasini siku ile, sikuona adabu wala subira. Niliona tisa, saba, kumi na moja, tano.

Nilisikia kwamba nyumba za kale za Jiddah zinapimwa moja moja na kuchorewa ramani kabla ya kutengenezwa. Nikatafuta mtu wa kumwandikia. Ujumbe wa kwanza haukujibiwa, wa pili haukujibiwa, wa tatu nilijibiwa na mtu aliyenipa pole. Wa nne ulimfikia msanifu majengo mmoja, binti wa Kihijazi, akanipigia mwenyewe. Nikamweleza. Akaniambia kwa upole kwamba kila mtu Jiddah ana nyumba ya babu yake, na jina tupu halimsaidii. Nimpe kitu kinachopimika. Nikampa ngazi. Akacheka, lakini ni kicheko cha mtu aliyepata kazi anayoipenda.

Wiki nne alilinganisha ramani zake na ngazi zangu. Alikuta tisa, nane, kumi na mbili. Alikuta kumi, saba, kumi. Aliniuliza kama haiwezekani bibi alikosea moja, na mimi nikamwambia mtu anayefundisha watoto vizazi vitatu hakosei moja. Mwisho akasema njoni, mama mwenyewe ayaseme, labda kuna neno mmelisahau.

Tukasafiri wanawake watatu. Wa tatu ni dada anayefanya kazi kwangu, Mkenya wa magharibi kule, Mkristo, ana watoto wawili wanaolelewa na mama yake. Alikuwa na mwaka wa nne nyumbani petu. Dada huyu humwita mama yangu mama. Mimi ananiita madam, ingawa sijui mara ngapi nimemwambia aniite dada. Mama hapandi wala hashuki bila mkono wake. Uwanja wa ndege wa Riyadh nilitoa karatasi zetu sote kwenye mkoba wangu, na ikama yake, kibali chake cha ukaazi, ilikuwa humo pamoja na zetu, kama ilivyo siku zote.

Ofisi ya msanifu ilikuwa chini ya nyumba mojawapo ya hizo za kale, na meza yake ilifunikwa ramani mpaka miguuni. Alimkalisha mama kwenye kiti chake mwenyewe. Mama akayasema maneno, mimi nikafasiri kwa Kiarabu, msanifu akafuata na kalamu kwenye karatasi, na kila ramani ilikataa mahali. Tukayarudia. Mara ya tatu mama alipofika "ngazi tisa, pumua," nilisikia sauti nyuma yangu.

"Madam, naweza kusema kitu?"

Alikuwa amesimama karibu na mlango, amekumbatia mkoba wa dawa za mama.

"Sema."

"Huyo hakuwa anapanda mikono mitupu. Mtu wa mikono mitupu hahesabu ngazi, anaangalia tu miguu. Ni ukibeba trei, ama beseni la nguo limekufika hapa kifuani, huoni chini, ndio unahesabu. Mimi huhesabu. Kila nyumba nimefanya kazi, kitu ya kwanza nahesabu ngazi, ndio nisianguke na vyombo vya watu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hiyo ni njia ya jikoni. Huyo mama alikuwa anafanya kazi hapo."

Nilimtazama jicho la kumfunga mdomo. Damu ilinipanda usoni, na sitajisafisha: sikukasirika kwa sababu alikosea. Nilikasirika kwa sababu aliyesema ni yeye, na kwa sababu njia yake ya kupata jibu ilikuwa imekamilika, haina pa kuweka alama nyekundu. Nikamwambia halas, imetosha, aende akamtafutie mama maji. Akaenda.

Msanifu, ambaye hajui Kiswahili, akaniuliza amesema nini. Ningeweza kumwambia ameomba maji. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Mama alikuwa ameuelekeza uso dirishani, na nikajua kwamba macho ndiyo yanayomwisha, masikio hayana neno. Nikasema:

"Anasema tutazame ngazi za jikoni."

Msanifu akaweka kalamu chini. Nyumba kubwa za pale zina ngazi mbili, akanieleza, ya watu na ya kazi, na yeye wiki nne zote amelinganisha ya watu, kwa sababu nilimwambia anayetafutwa ni bibi mwenye nyumba. Akaanza upya kutoka juu ya rundo. Dada aliporudi na chupa ya maji, ramani ilikuwa imekwisha kutandazwa peke yake mezani: mlango wa uchochoroni ambao mtu wa kawaida hapiti bila kuinama, ngazi tisa, saba, kumi na moja, halafu tano za kwendea paani. Nyumba haikuwa na mlango wa nakshi unaosifika. Mjomba aliwahi kuipita, ipo kwenye daftari lake, ameandika "siyo."

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikatamani isingeonekana.

"Nyumba njema si mlango," mama akasema, akaomba maji yake.

Kuingia kulitaka ruhusa ya wenyewe, na wenyewe walikwisha kuhama mji mkongwe zamani. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa bibi mmoja mtu mzima sana, yuko mtaa wa Rawdah, na msanifu akampigia simu mbele yetu. Alasiri ileile tukapokelewa. Nyumba kubwa, ubaridi wa kiyoyozi, kahawa ya hiliki, tende zimepangwa. Dada yetu alionyeshwa mlango wa pembeni, akangojee jikoni na wenzake. Nimeshaona hivyo mara elfu, na kwangu ni hivyohivyo; siku ile ndiyo mara ya kwanza niliyomfuata kwa macho mpaka alipopotea.

Njiani nilikuwa nimeshatunga la kusema. Ningesema sisi ni kizazi cha mahujaji waliowahi kufikia nyumba ile. Si uwongo mkubwa, na mama angebaki na heshima yake.

Bibi wa Rawdah alikuwa na kumbukumbu safi na anapenda kusimulia. Chini, alisema, babu zake walipokea wageni na kuweka bidhaa. Ghorofa ya kwanza walikaa wanaume, ya pili wake zao na watoto, na jiko lilikuwa juu huko ili moshi usishuke. Baada ya familia kuhama nyumba ilipangishwa chumba chumba, Waafrika, Wayemeni, watu wa kila namna, mpaka ilipofungwa juzi juzi kwa matengenezo. Nilikuwa nikimfasiria mama neno kwa neno.

"Muulize, na paani?" mama akasema.

Nikauliza.

"Paani walilala wajakazi," bibi akasema, bila ubaya wowote. "Bibi yangu alilelewa na mmoja, wa Sawahil, pwani ya Afrika. Alikuwa akimgonga mgongoni na kumhesabia mpaka alale. Walimpenda mno, alikuwa wetu kabisa. Halafu mwaka mmoja akarudi kwao na mahujaji, yeye na mtoto wake."

Hatukumuuliza baba wa mtoto ni nani, na yeye hakutuambia. Nilikuwa nimeshika kikombe na sijui kama kilikuwa na kahawa. "Alikuwa wetu." Neno lile nalijua, na mimi nalisema. Wageni wakimsifu dada kwa chai yake huwa nasema huyu si mfanyakazi, huyu ni wetu.

Bibi akageuka kwangu. "Na nyinyi ni nani wa nyumba ile?"

Nikafungua mdomo na mahujaji wangu. Mama akaniwekea mkono kwenye goti.

"Usinisemee. Mwambie sie ni wa yule wa juu."

Nilimtazama. Miaka sabini na kitu alikuwa bibi mwenye nyumba, kwa maneno tu, bila ufunguo wala karatasi, na maneno hayo yalimvusha kwenye kila baraza aliloketi. Sasa anayavua mwenyewe, mbele ya mwenye nyumba wa kweli, na hakuna aliyemlazimisha. Niliona uchungu na niliona fahari, na nikawa nalia huku nafasiri. Bibi wa Rawdah akasogea kwenye kochi lake, akampisha mama akae upande wake, akasema asubuhi mlinzi atatufungulia.

Tulipofika asubuhi, sisi na msanifu, mlinzi alitufungulia mlango wa mbele, kwa heshima, na kofia ngumu za kuvaa. Mama akapapasa mbao zake kwa kiganja.

"Huu si wake," akasema.

Tukazunguka uchochoroni. Mlango wa kazi ulikuwa mfupi kuliko nilivyouona kwenye ramani. Dada aliingia wa kwanza, akageuka, akamshika mama mikono yote miwili, akawa anapanda kinyumenyume mbele yake. Mama akainama, akaingia. Mimi nilijigonga kofia. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunafundishana adabu, kumbe ni mlango mfupi tu.

Mama alihesabu mwenyewe, kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya tisa ngazi zilitulia kidogo kabla ya kupinda, na ukutani, usawa wa kiuno, kulikuwa na rafu ya jiwe, si pana, katikati imelika kwa kutumika. Sikujua ni ya nini. Dada akaipitisha mkono.

"Hapa ndio unaweka trei," akasema. "Unapumua, halafu unaendelea."

Mama akaweka mikono yake miwili palepale, akakaa nayo muda mrefu.

Saba zilizofuata zilitufikisha kwenye kipenyo chenye upepo ambapo hapana shaka mitungi ilikaa. Kumi na moja, na ukuta mweusi wa jiko, baridi siku hizi. Tano za mwisho zilikuwa nyembamba hivi kwamba tulipanda mmoja mmoja, na mwisho wake jua lilitupiga usoni. Chumba cha paani kilitosha magodoro mawili. Waliokaa baada yake walikuwa wameacha misumari ukutani, nambari za simu zimeandikwa kwa kalamu ya wino, na kipande cha kioo. Msanifu alitaka kumtandikia mama koti lake, mama akasema sakafu inamtosha.

Akasali rakaa mbili. Dada alisimama nje juani kwa adabu, na mama alipotoa salamu, kabla ya kugeuka, alisema, "Mwambieni aingie kivulini." Kisha akauambia ukuta, taratibu, "Pole, bibi."

Tuliporudi Riyadh nilimwambia mama hakuna haja ya kuwaeleza watu kila kitu. Nyumba tumeiona, inatosha. Akaniomba simu. Akashika kidude cha kurekodi akatuma kwenye kundi la ukoo, kwa sauti yake ya kuposea: nyumba ya Jiddah ipo, ina ngazi tisa, saba, kumi na moja na tano, bibi yetu alikuwa mjakazi ndani yake, alizibeba sinia zao, na anayeona haya asiseme tena kwamba ni wa nyumba ile. Watu wawili walijitoa kundini mchana huo. Binamu yake mmoja, ambaye miaka yote aliiita nyumba ya hewani, alituma kile kipicha cha mikono ya dua tu.

Siku chache baadaye mama alikuwa amekaa sebuleni, dada anampakaza mafuta miguuni, mimi nasoma gazeti kwenye simu. Mama akauliza, kama anayeuliza saa:

"Ngazi za humu ndani ngapi?"

Nilifikiri ananiuliza mimi. Nimekaa nyumba hii miaka ishirini na miwili, nimechagua mwenyewe vigae vyake. Sikujua.

"Kumi na sita, mama," dada akasema bila kuinua kichwa. "Halafu kumi na mbili mpaka kwangu. Ile ya tisa imevunjika pembeni."

Kwake ni paani, karibu na matangi ya maji, pamoja na mashine ya kufulia. Sikumbuki mara ya mwisho niliyopanda huko. Nikainuka. Beseni la nguo za wiki lilikuwa chini ya ngazi, limejaa, linamngoja amalize miguu ya mama. Nikalibeba. Aliniita, madam, wacha, nitaleta, nikaendelea. Lilinifika kifuani na sikuona miguu yangu, ikabidi nihesabu. Kumi na sita, nikageuka. Kwenye ya tisa mguu wangu uliteleza kwenye pembe iliyovunjika, nikajibanza ukutani na mzigo wangu, napumua, natafuta kwa kiwiko mahali pa kuliegesha lile beseni. Hapakuwa na mahali.